Chekeche la ngoma la kuzungusha kwa mkono: mchanga haupiti, mkono mzito, majivu yanaziba

Chekeche tunalolizungumzia ni lile la ngoma: pete za chuma zilizovikwa wavu, shafti imepita katikati, mkono wa kuzungushia uko upande mmoja, nao mzigo unaingilia juu na kutokea chini. Wapo wanaolitumia kwa mchanga wa plasta na wa kufyatulia matofali, na wapo wanaochekechea majivu ya shambani na ya chooni. Vipimo vilivyomo humu ni vya ngoma yenye kipenyo cha sm 50 na urefu wa m 1, shafti ya mm 25 na mkono wa sm 30. Ya kwako ikiwa kubwa au ndogo, namba zitasogea kidogo, ila sababu za hitilafu ni zilezile.

Kabla hujalipeleka kwa mchomeleaji, kagua kwa mpangilio huu: unyevu wa mchanga, namna unavyolisha, mwinamo wa ngoma, kasi ya mkono, kisha wavu. Chuma kije mwisho. Mpangilio huu una maana yake. Mchanga mbichi hufanya wavu uonekane mbovu, na mwinamo mkali hufanya matundu yaonekane madogo. Ukianza na chuma utalipia wavu mpya, na kesho yake tatizo lipo palepale.

Mchanga mzuri unatoka mkiani pamoja na kokoto

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mwenye chekeche. Chota gao la masazo, upitishe kwa mkono juu ya kipande cha wavu uleule. Kama sehemu kubwa inapita, basi wavu hauna kosa. Mchanga haukupewa muda wa kutosha kupita.

Muda huo unapimika bila kifaa chochote. Chukua kokoto kubwa kuliko tundu, ipake chaki, itupe mdomoni mwa ngoma pamoja na mchanga, kisha hesabu mizunguko mpaka itoke. Kwa mchanga, kati ya 5 na 8 inafaa. Ikitoka kabla ya mizunguko 4, ngoma imeinama mno. Ikipita 12 haijatoka, imelala mno na mzigo utalundikana ndani.

Mwinamo hupimwa kwa kamba na pima maji. Vuta kamba iwe sawa na maji kutoka kwenye shafti upande wa juu mpaka upande wa chini, halafu pima pengo. Mteremko wa sm 5 kwa kila mita moja unatosha kwa mchanga mwingi. Sm 9 ndio ukomo, na hapo mchanga uwe mkavu kabisa. Ukitaka kupunguza mwinamo, inua miguu ya upande wa chini kwa ubao au tofali bapa. Usikate miguu ya juu, kwa maana ukija kuhitaji mwinamo zaidi hutakuwa na cha kurudishia.

Kulisha nako kuna kipimo chake. Beleshi moja kila mizunguko 3 au 4 hufanya mchanga utandae ukawa tabaka jembamba. Ukimimina ndoo nzima mara moja, tabaka la chini ndilo linalogusa wavu, la juu linateleza juu yake mpaka mlangoni. Ndoo ya lita 20 ina takriban kilo 30 za mchanga mkavu, na hiyo ndiyo shehena ya mwisho ambayo ngoma ya ukubwa huu inapaswa kubeba kwa wakati mmoja.

Kisha kasi. Vijana wengi huzungusha haraka wakidhani ndiyo kazi. Ngoma ya sm 50 ikifika mizunguko 60 kwa dakika, mchanga hugandamana na ukuta wa ngoma na kuzunguka nayo bila kuanguka. Hata kwenye 45 au 50 unabebwa juu mno na kuangukia shafti badala ya kubingirika juu ya wavu. Kasi nzuri ni mizunguko 20 hadi 25 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 3 au pungufu kidogo. Weka saa ya simu, hesabu dakika moja, mkono utazoea. Chungulia mlangoni: mchanga upande ukutani kama theluthi ya ngoma, kisha uporomoke.

Matundu yameziba

Kuna kuziba kwa namna mbili, na dawa zake hazifanani. Angalia kwa karibu kwenye mwanga.

Ukiona punje moja moja zimekaza ndani ya matundu, huko ni kunasa. Punje zinazokaribia ukubwa wa tundu huingia nusu na kukwama. Kila mchanga una punje hizo, kwa hiyo kunasa hakukomeshwi, kunapunguzwa. Ngoma ina faida moja kuliko chekeche la kuegemeza: kila tundu hufika juu likageuka chini mara moja kwa mzunguko, na mtikiso mdogo hapo hutosha kuiangusha punje. Funga kipande cha tairi kuukuu kwenye fremu, upana wa sm 10, kiwe kinaparuza na kupiga zile flati (vyuma bapa vya kushikia wavu) zilizolala kwa urefu wa ngoma kila zinapopita juu. Kisiguse wavu wenyewe, kitaulegeza. Ngoma ikishajaa punje, izungushe tupu kinyumenyume mara 3 au 4 huku unagonga pete kwa gongo la mti, halafu sugua kwa brashi ngumu ya nailoni ukiwa nje, kusudi punje zirudi zilikotoka. Msumari usitumike hata kidogo. Unatanua tundu, na tundu moja lililotanuka litaingiza kokoto kwenye plasta ya chumba kizima.

Ukiona utando uliofunika nyaya na matundu kwa pamoja, huko ni kuziba kwa unyevu. Maji kidogo yanayozunguka kila punje huzishikamanisha, na punje laini pamoja na udongo hujipaka kwenye waya. Mchanga ulioloa kidogo ni mbaya kuliko uliojaa maji: wenye unyevu wa asilimia 5 hivi huumuka, ukachukua nafasi kubwa zaidi kwenye ndoo na kupita wavuni kwa shida. Kipimo chake ni kiganja. Fumba gao la mchanga kwa nguvu kisha fungua. Ukimwagika, chekecha. Ukibaki donge, uanike. Utandaze kwenye turubai kwa unene wa sm 5, uugeuze kwa reki kila baada ya saa moja. Siku ya jua kali nusu siku inatosha. Wakati wa masika, chimbua mchanga wa katikati ya lundo lililofunikwa, wa juu na wa chini kabisa uache.

Utando ulioganda usiupige. Acha wavu ukauke juani, kisha uusugue kwa brashi na utadondoka wenyewe kama unga.

Mkono mzito

Toa mchanga wote kwanza, zungusha ngoma tupu. Jibu liko hapo.

Ngoma tupu ikizunguka kwa kidole kimoja, basi uzito ni wa mzigo. Kilo 30 zikipanda ukuta wa ngoma zinadai mkono wako usukume kama unayeinua kilo 11 au 12, mfululizo, mizunguko 20 kwa dakika. Mtu mzima anaweza kwa muda. Ukiongeza ndoo ya pili, hakuna atakayedumu dakika kumi. Punguza kulisha. Hakikisha pia shafti iko usawa wa kiuno cha mzungushaji, sm 90 hadi 100 kutoka ardhini. Chini ya hapo mgongo ndio unaofanya kazi. Mkono mfupi wa sm 20 hutaka nguvu mara moja na nusu ya ule wa sm 30 kwa mzigo uleule, kwa hiyo kuurefusha ni matengenezo rahisi kuliko yote. Na kile kishikio cha mwisho kizunguke chenyewe: bomba fupi lililovikwa juu ya boliti. Kikiwa kimechomelewa kikakaza, viganja vitatoka malengelenge siku hiyohiyo.

Ngoma tupu ikiwa nzito mzunguko mzima, tazama beringi au bushi, yaani kipande cha bomba au cha mti uliotobolewa ambamo shafti huzungukia. Hapa wengi wanakosea kwa nia njema: wanapaka grisi. Grisi iliyo wazi hushika vumbi la mchanga, na mchanganyiko huo ni msasa wa majimaji. Unaila shafti na bushi kwa pamoja. Kama chekeche lako lina bushi za bomba au za mti, zisafishe kwa mafuta ya taa na kitambaa, zikaushe. Bushi ya mti mgumu ndiyo ivumiliayo zaidi mahali penye mchanga: toboa tundu lenye nafasi ya nusu milimita kuzidi shafti, ichovye kwenye oili yenye joto usiku kucha, ifute, ifunge. Mabaki ya mpingo ya wachonga vinyago yanafaa sana.

Ukitaka beringi, nunua zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili, zikiwa ndani ya nyumba yake ya kufungia kwa boliti mbili. Namba ya beringi inakueleza shafti: tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5. Ya 204 ni ya mm 20, ya 205 ni ya mm 25. Kanuni hii inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Nyumba zenye nipo (kile kichuchu cha kuingizia grisi) zitiwe kidogo mpaka grisi mpya ichungulie, kisha futa kabisa kilichotoka.

Ngoma tupu ikiwa nyepesi upande mmoja wa mzunguko na nzito upande mwingine, aidha haiko katikati ya shafti au inakwaruza. Shika chaki ikiwa imetulia kwenye fremu, karibu na pete, zungusha polepole. Alama itatokea tu upande uliojitokeza. Tofauti ya mm 5 haina madhara. Ikizidi mm 15 legeza spoki (vyuma vinavyounganisha pete na shafti) za upande ule, zirudishe, jaribu tena. Ikiwa spoki zimechomelewa moja kwa moja kwenye shafti, zikate kwa grenda upande wa pete, si upande wa shafti, ili usiipindishe shafti kwa moto.

Beringi zote mbili zikikaza ghafla baada ya kufungwa upya, mara nyingi hazitazamani. Legeza boliti za nyumba zote, zungusha ngoma mara kadhaa ijiweke, kisha kaza boliti moja moja ukipokezana pande.

Mlio, mgongano, kuyumba

Mlio mwembamba wa kudumu ni bushi kavu. Kokoto kubwa ikigonga, utaisikia mara moja kila mzunguko na itaisha ikitoka. Mgongano usioisha na unaokuja pale mkono unapobadili mwelekeo wa nguvu ni mkono wenyewe umelegea kwenye shafti: tundu la boliti limekuwa yai. Usilipanue. Shafti ya mm 25 isitobolewe zaidi ya mm 8, itakatika hapo. Sogea sm 4, toboa tundu jipya lenye mwelekeo wa kukingama na ule wa lile la zamani, funga boliti ya mm 8 yenye nati ya kujifunga.

Fremu ikitembea au kutikisika, miguu iko juu ya mchanga. Isimamishe kwenye mbao pana.

Kokoto zimepita kwenye mchanga uliochekechwa

Tafuta tundu lililopanuka au mshono ulioachia. Kipimo kizuri cha tundu ni mkia wa kekee: kekee ya mm 5 isipite kwenye wavu wa mm 4.75. Pitia hasa katikati ya pete mbili, ambako wavu hubonyea, na kwenye mshono. Mshono upandiane sm 5, ushonwe kwa waya wa mm 2, na ncha ya wavu wa ndani ielekee kule mchanga unakokwenda, vinginevyo kokoto zitaufunua kama ukurasa. Wavu ukibonyea, pete ziko mbali mno. Weka flati za kuushika kila sm 20 hadi 25.

Kama wavu ni mzima, huenda uliuziwa mwingine. Namba ya wavu dukani ni idadi ya matundu kwa inchi, wala si ukubwa wa tundu. Namba 4 yenye waya wa mm 1.6 ina tundu la mm 4.75, linalofaa mchanga wa kujengea na wa zege. Namba 8 yenye waya wa mm 0.8 ina tundu la mm 2.36, la plasta. Waya ukiwa mnene zaidi kwa namba ileile, tundu linapungua, na ukiwa mwembamba linaongezeka na wavu unakufa mapema. Nenda dukani na rula, gawanya mm 25.4 kwa namba, toa unene wa waya.

Wavu mwembamba kama namba 8 hauwezi kubeba kokoto peke yake. Uwekee wavu mpana wa kuutegemeza, na hapa mpangilio ni muhimu: mwembamba ndani, mpana nje. Ukizibadili, kokoto ndogo zitapita wa kwanza na kunaswa katikati ya nyavu mbili, zisitoke mpaka ufumue kila kitu.

Plasta inapasuka ingawa mchanga umechekechwa vizuri

Chekeche linatenganisha ukubwa tu. Udongo wa mfinyanzi haliuondoi. Tena ngoma huzidisha: madonge makavu ya udongo yakibingirika na kokoto husagika, yakapita wavuni kama vumbi na kuingia kwenye mchanga wako. Ukiona lundo lina madonge, yaokote kabla ya kulisha.

Pima. Changanya chumvi vijiko viwili vya chai kwa lita 1 ya maji. Kwenye chupa nyofu yenye alama za mililita tia maji hayo mpaka 50, ongeza mchanga mpaka ufike 100, ongeza maji mpaka 150. Funga, tikisa kwa nguvu, weka mahali tulivu saa 3. Tabaka laini litakalotua juu ya mchanga lisizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga. Likizidi, mchanga unahitaji kuoshwa au kubadilishwa, wala hakuna wavu utakaousaidia. Kadhalika mchanga wa ufukweni: chumvi inapita tundu lolote, na ndani ya zege italeta kutu kwenye nondo.

Majivu

Majivu ni mepesi, yanaruka, na yanashikana yakipata unyevu wa hewa. Punguza mwinamo mpaka sm 3 kwa mita ili kokoto ya chaki itoke kwenye mzunguko wa 10 hadi 12. Izungushe polepole, mizunguko 15 kwa dakika inatosha. Yanayobaki ndani, mkaa usioungua, yarudishe jikoni.

Moto uliofichika ndio hatari kuu. Kaa hai linaweza kuishi ndani ya majivu kwa siku kadhaa, na ngoma inayozunguka inalipelekea hewa. Majivu yakae siku 4 kwenye debe la chuma lenye kifuniko, mbali na ukuta wa mbao, ndipo uyachekeche. Yapokee kwenye debe la chuma pia. Ukinusa mpira unaungua, ni kile kipande cha tairi: simamisha, mimina nje, tandaza.

Wavu wa mabati unaochakaa haraka, ukiwa na unga mweupe kabla ya kutu nyekundu, umekuwa ukioshwa kwa maji baada ya majivu. Majivu ya kuni yakikutana na maji hutoa magadi makali yanayokula ile zinki ya juu. Wavu wa majivu husafishwa ukiwa mkavu, kwa brashi. Kama umeshaloa, suuza kwa maji mengi mpaka usiteleze tena mkononi, kisha uanike. Magadi hayohayo yanachoma macho na ngozi, kwa hiyo miwani na glovu si anasa.

Misumari ikijitokeza, kuni zilikuwa mbao za makreti. Sumaku ya spika mbovu ikifungwa chini ya mdomo wa kutolea itaikamata mingi. Majivu ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa au kupakwa rangi yasipelekwe bustanini, hata yakichekechwa mara tatu.

Pete na spoki zilizopasuka

Ufa huanzia mwisho wa mshono wa kuchomelea. Kuujaza moto juu yake hakudumu. Uchimbe kwa grenda mpaka uishe, chomelea, kisha ongeza kipande cha pembetatu kwenye kona. Ondoa wavu kwanza, kwangua zinki mahali pa kuchomelea na fanya kazi upepo ukiwa mgongoni, kwa kuwa moshi wa zinki huleta homa usiku. Kibano cha waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea kifungwe kwenye pete ileile inayochomelewa. Ukikifunga kwenye fremu, umeme utapita ndani ya beringi na kuichoma mapito yake, na wiki inayofuata utaanza upya kutafuta kwa nini mkono ni mzito.

Vumbi

Wingu jeupe linalozidi si dalili ya mchanga mkavu tu, ni dalili kwamba ngoma iko wazi. Vumbi la mchanga lina silika, na mapafu yakishajeruhiwa nayo hayaponi. Funika nusu ya juu ya ngoma kwa bati lililokunjwa au turubai lililofungwa kwenye matao ya nondo, likiacha nafasi ya sm 10. Mzungushaji akae upande upepo unakotoka, na mlishaji vilevile. Barakoa iwe ya N95 au FFP2 iliyobana uso. Leso hupitisha vumbi lile jembamba ambalo ndilo linalofika ndani. Ukimaliza kazi, nyunyizia maji sakafu na masazo, usiunyunyizie mchanga utakaochekechwa kesho.